Ya Muda Tu

Mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Juu yake, kwa herufi ndogo, mtu ameandika:
"ya muda tu, nitarekebisha Jumatatu."
Hakusema Jumatatu ya mwaka gani.

Namjua kwa msimbo wake, simjui kwa sura.
Ndelilio. Alikalia kiti hiki kabla yangu,
kiti chenye gurudumu moja bovu, kinachoegemea dirisha
linalotazama Barabara ya Mawenzi na paa la duka la mbolea.
Wanasema alikuwa mwepesi: mfumo mzima wa kahawa, wiki sita.
Aliagwa kwa soda na mbuzi wa kuchoma.
Funguo alituachia. Makufuli hakutuonyesha.

Mstari unasema:
kila gunia la Kituo cha Tatu, punguza kilo mbili.
Basi. Hauna sababu, hauna aibu.
Nikiufuta, malipo ya vituo vingine saba yanaanguka,
maana wengine walikuja wakajenga juu yake,
chumba juu ya chumba,
kama nyumba ya mtu anayejenga kila akipata tofali.

Nikamwomba Kiwelu wiki mbili.
"Za kufanya nini?"
Za kusafisha.
"Mteja hanunui usafi, Haikaeli.
Mteja anataka malipo kwa simu, kabla ya mavuno."
Na kweli, mshahara wangu haujawahi kutoka kwenye usafi.
Nikarudi kitini, nikaongeza chumba kingine.

Kwetu Uru, mfongo una sheria yake.
Anayekunywa maji yake hushika jembe siku ya kuuzibua;
asiyetokea hutozwa debe la mbege,
na hakuna anayeuliza tope hili aliliingiza nani.
Lakini tope la mfongo linaonekana.
Hili langu limekaa nyuma ya kioo,
na mbele ya kioo kila kitu kinawaka kijani.

Kisha simu, karani wa Kituo cha Tatu, Elinaike,
sauti ikikatika kwa mvua:
"Mizani inasema hivi, risiti yenu inasema vile."
Mizani ipi? Ile iliyokuwa inazidisha kilo mbili?
"Ile tuliitupa msimu wa pili, dada.
Kuku wanatagia kwenye sahani yake."

Ugonjwa ulikwisha kupona.
Dawa ikaendelea kunywewa.

Shose wa uhasibu hajui msimbo. Anajua madeni.
Akauliza magunia mangapi, misimu mingapi,
akafungua daftari kwa nyuma, anakowaandika wanaotudai,
mwenye jengo, umeme, fundi wa jenereta,
na chini yao akaandika: Wakulima, Kituo cha Tatu.
Kilo. Kisha shilingi. Kisha akapiga mstari kwa rula,
akampelekea Kiwelu pamoja na chai.

Tulizoea kuliita deni letu.
Kukopa harusi, tulitaniana, kulipa matanga.
Kumbe harusi ilikuwa yetu
na matanga yalikuwa ya Bibi Ndeanasia,
magunia matatu kwa mwaka, kilo sita kila mwaka,
na hakuna mahali alipotia sahihi.

Kiwelu alisoma. Chai ikapoa, ikafanya utando.
Wiki mbili hakutoa. Alitoa siku nne,
fedha za kilo zile,
na kila Ijumaa mchana, kuanzia sasa, jembe.
Neno hilo sikuwa nimemwambia.
Lakini yeye ni wa Machame; mifongo iko huko pia.

Siku ya nne, saa tano usiku, umeme umekatika,
betri asilimia tisa.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili haupo.
Vituo saba vinalipa sawasawa. Cha nane kinayumba,
nikakiegesha gongo, kama mgomba uliozidiwa na mkungu;
Elinaike na wenzake wanafungua saa moja asubuhi.
Juu yake nikaandika: ya muda tu.

Nikayatazama maneno hayo.
Betri asilimia saba.
Nikaongeza sababu, na jina langu lote,
na Ijumaa ya tarehe ngapi.